Bomba kwanza, miche baadaye: kuomba fedha za kuponya hori ya Tudor

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 30, wengi wetu akina mama na vijana, kwenye ukingo wa hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, upande wa Mikindani, Mombasa. Tumepanda mikoko mara mbili na miche mingi ikafa kabla ya mwaka kwisha. Maji yananuka, samaki wamepungua, na watoto wakiogelea wanarudi na vipele. Tunataka kuomba shilingi milioni 3 tupande miche 20,000. Andiko tulipeleke wapi, na tuliandikeje lisirudishwe?

JIBU: Dada katibu, hiyo hesabu ya miche 20,000 ndiyo itakayowarudisha. Anayesoma maandiko upande wa mfadhili akikuta kikundi kimepanda mara mbili na miche ikafa, atajiuliza kwanza kwa nini ya mara ya tatu iishi. Jibu lisipokuwa ukurasa wa kwanza, hafiki wa pili. Wafadhili wameshaungua kwa miche. Ufilipino walipanda mikoko kwa zaidi ya miaka 20 kwa fedha nyingi za mikopo na misaada, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kwamba miche iliyosalia baada ya muda mrefu ilikuwa kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 tu. Kosa kubwa lilikuwa mahali. Ilipandwa kwenye matope wazi na kwenye majani ya bahari, chini ya kimo ambacho mikoko huota yenyewe, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi isiyogombaniwa na mtu.

Kwa hiyo andiko lenu liseme mambo mawili, kwa mpangilio huu: ni nini kinachoiua hori, na ni kipande kipi cha tatizo hilo ambacho watu 30 wenye shilingi milioni 3 wanaweza kukimaliza. Miche inakuja mwisho, na huenda mkahitaji 3,000 tu.

Kwanza, mjue iliyokufa ilikufa kwa nini

Subirini bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa kabisa, mshuke na bomba la plastiki linaloonyesha ndani, urefu wa mita 20, na mbao mbili zilizotiwa alama za sentimita. Jazeni bomba maji mpaka kusibaki kiputo cha hewa, fungeni kila ncha kwenye ubao wake. Mmoja asimame penye mashina ya mikoko michanga iliyojiotea yenyewe, mwingine asimame pale mlipopanda. Maji ndani ya bomba yatatulia kwenye usawa mmoja pande zote mbili. Tofauti ya alama kwenye mbao ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Pimeni sehemu kumi, mziandike.

Mombasa maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4 wakati wa bamvua kubwa. Mche uliopandwa sentimita 40 chini ya wenzake wa asili unakaa majini zaidi ya saa moja ya ziada kila siku wakati huo, na wakati wa maji mafu, bahari isipopwa sana, huenda usitoke majini kabisa. Kama mlipanda chini kiasi hicho, mmeshapata sababu, na hakuna mbolea wala uzio utakaoibadilisha.

Kimo kikiwa sawa, tazameni maiti zenyewe. Shina lililojaa vigamba vyeupe vikali kama meno ni mche uliokaa majini mno ukalemewa. Majani yaliyopakwa tope mpaka juu na shina lililofukiwa ni mchanga wa mvua uliotoka bara. Miche iliyong'olewa kwa mstari ni njia ya mashua au ya watu wanaotafuta chambo. Iliyoliwa ncha ni mbuzi. Iliyonyongwa na mifuko ya plastiki mnaijua. Kila dalili ina dawa yake na mstari wake kwenye bajeti, na jedwali la nusu ukurasa lenye dalili hizi, idadi na picha litawapa uzito kuliko kurasa tano za umuhimu wa mazingira.

Mtazame pia aina. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, pwani yetu kwa kawaida huanza na mlilana, kisha mkoko (aina yenye jina hilo hasa), halafu muia na mkandaa, na nyuma kabisa mchu na kikandaa. Mchu huonekana pia mbele, kwenye kingo za mifereji. Vikundi vingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaokotwa kirahisi na inachomekwa bila kitalu. Palipokuwa na mchu au mkandaa, mkoko utakaa mwaka mmoja ukidumaa, kisha utakufa.

Swali la maana kuliko yote ni kwa nini mikoko haijioteshi yenyewe hapo. Mwanaikolojia wa Marekani Robin Lewis, aliyerejesha mikoko mingi Florida, alijenga njia yake yote juu ya swali hilo: rudisha kimo cha ardhi na mwendo wa maji, kisha ngoja mbegu ziletwe na maji yenyewe. Hori ya Tudor ina miti mama bado. Mkiona mbegu zinafika na kuota kisha zinakufa, tatizo ni mahali. Zisipofika, huenda kuna mfereji uliozibwa na takataka au kifusi, na vijana kumi wenye majembe kwa wiki moja watafanya zaidi ya kitalu cha milioni.

Kuhusu mchanga wa kutoka bara, pwani ya Mombasa ina mfano mbaya jirani yenu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hadi hori ya Mwache. Mizizi ya kupumulia ikafukiwa na mikoko ikafa kwa mamia ya hekta. Kama dalili zenu ni za udongo, fedha zipande juu mashambani, kwenye makorongo yanayoteremka kuingia horini, na mtahitaji mshirika huko.

Kisha mfuate maji

Siku hiyohiyo ya bamvua, tembeeni ukingo mzima maji yakiwa yamepwa, mweke alama kwenye simu kila bomba, mtaro na shimo linalomwaga. Andikeni linatoka wapi, ni la nani, linatiririka muda wote au mvua tu. Hapo ndipo mradi wenu utakapopata umbo, kwa sababu uchafu wa hori una wenyewe wa aina mbili. Kuna wenye jina: shule, zahanati, soko, nyumba za kupangisha zenye bomba moja. Na kuna wasio na jina: mamia ya mashimo ya vyoo yanayovuja polepole ardhini. Milioni 3 haiwezi kuwamaliza wa aina ya pili. Kuondoa kinyesi kwenye mashimo ya mtaa mzima ni kazi ya kaunti na kampuni ya maji, na andiko linaloahidi hivyo linatupwa kwa haki. Chagueni mwenye jina, mmoja, mwenye bomba kubwa, aliye tayari kutia saini.

Pimeni kabla hamjagusa kitu. Kwa maji ya chumvi, ombeni maabara ipime bakteria wa kinyesi waitwao enterokoki, kwa sababu hudumu baharini kuliko E. koli na ndio wanaotumiwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 kwa maji ya kuogelea. Mwongozo huo hugawa maji kwa mipaka ya 40, 200 na 500 kwa kila mililita 100, kiwango ambacho sampuli 95 kati ya 100 hazipaswi kukivuka. Chagueni vituo vinne: bombani, mita 20 chini yake, watoto wanapoogelea, na kimoja mbali upande wa bahari cha kulinganishia. Sampuli tano kila kituo ndani ya siku 30, zote maji yakipwa, saa ileile ya kupwa. Kikundi kikipima leo maji yamejaa na mwezi ujao yamepwa, kinapima kujaa na kupwa kwa bahari badala ya uchafu.

Chupa zitoke maabara zikiwa safi kabisa. Mnazizamisha sentimita 30 chini ya uso wa maji, mdomo ukielekea maji yanakotoka, mnaacha nafasi kidogo ya hewa, mnafunga na kuweka kwenye sanduku la barafu lisilo na jua. Zifike maabara ndani ya saa 6. Hapo ndipo kazi huharibika mara nyingi: chupa zinakusanywa asubuhi, bodaboda inachelewa, barafu inayeyuka, na majibu yanakuwa ya bakteria waliozaliana njiani. Sampuli 20 ni gharama, kwa hiyo pateni bei ya maandishi ya maabara mbili kabla ya kuandika tarakimu yoyote.

Chujio la kokoto na matete, kwa hesabu

Tuseme mwenye bomba ni shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akitumia lita 15 kwa siku vyooni na kwenye bomba la kunawia. Hiyo ni lita 6,000, yaani mita 6 za ujazo kwa siku. Kazi inayolingana na kikundi na fundi mzuri ni tangi la septiki likifuatwa na kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, maji yakipita chini ya uso wa kokoto bila kuonekana. Si jambo geni pwani. Gereza la Shimo la Tewa, karibu na hori ya Mtwapa, lilijengewa mfumo wa jamii hiyo kama mradi wa mfano.

Tangi libebe maji ya siku mbili, yaani mita 12 za ujazo, likiwa na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Kitandani maji yakae siku 4, hiyo ni mita 24 za maji. Kokoto ikijaa, nafasi ya maji katikati yake ni karibu asilimia 40, kwa hiyo 24 gawanya kwa 0.4 ni mita 60 za kokoto. Kwa kina cha sentimita 60 mnahitaji eneo la mita 100 za mraba. Msijenge kitanda kimoja. Jengeni viwili vya mita 10 kwa 5, ili kimoja kipumzike kikianza kuziba. Kokoto iwe ya milimita 10 hadi 20, iliyooshwa, na nusu mita ya mwanzo na ya mwisho iwe mawe makubwa zaidi, milimita 40 hadi 80, ili maji yatawanyike upana mzima. Sakafu ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Kwa shimo la kina cha sentimita 80, karatasi nene ya plastiki ya mabwawa, mkihesabu kuta na nusu mita ya kukunja kila upande, inafika takriban mita 192 za mraba kwa vitanda vyote viwili. Lori la mita 10 za ujazo litafanya safari 6 za kokoto. Tarakimu hizi mpelekeeni mhandisi wa kaunti azipitie na kutia saini. Saini hiyo ni sehemu ya andiko.

Vitu vinavyoua machujio haya vinajulikana. Cha kwanza ni kokoto ambayo haikuoshwa: vumbi lake linaziba kitanda kabla ya mwaka. Cha pili ni tangi lisilonyonywa. Tope la chini na povu la juu vikifika jumla ya theluthi ya kina, tangi linyonywe kwa pampu, la sivyo tope litahamia kwenye kokoto, na hapo mnafukua mita 60 kwa mikono. Cha tatu ni likizo: shule ikifungwa wiki kadhaa matete yanakauka, kwa hiyo bomba la kutokea liwe na kiwiko kinachoinuliwa ili maji yabaki ndani. Na juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu, karatasi iliyotobolewa na jiwe moja inamwaga kila kitu kwenye visima vya jirani. Wekeni mchanga laini sentimita 5 chini yake.

Msiahidi kwamba watoto wataogelea salama mbele ya bomba. Mfumo huu ukifanya kazi vizuri huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaooza na chembechembe, lakini bakteria huwapunguza mara 10 hadi 100 tu. Bomba lililokuwa linatoa milioni moja kwa mililita 100 litatoa elfu kumi hadi laki moja. Harufu itapungua, tope jeusi litapungua, na mikoko iliyo chini itapata nafuu. Kwa kuogelea bado. Wanaosoma maandiko wanaijua hesabu hii. Kikundi kinachoiandika chenyewe kinaaminika, na kinachoahidi maji ya kunywa kinachekwa.

Vibali

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, na mwenye mamlaka ni Huduma ya Misitu, KFS. Hata kuchomeka mbegu moja, pateni barua ya msimamizi wa misitu wa KFS katika kaunti. Sheria ya Misitu ya 2016 inawapa jamii nafasi kupitia chama cha jamii cha misitu: mpango wa usimamizi shirikishi kwanza, kisha mkataba na KFS. Kama eneo lenu lina chama tayari, msianzishe cha pili. Ingieni ndani yake kama kikundi mwanachama na mpate barua yake. Vyama viwili vinavyogombea ufukwe mmoja ni sababu ya kutosha ya kunyimwa. Uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, nao uandike kwamba eneo la kupanda halizibi njia ya mashua.

Kwa chujio, mwenye eneo ndiye aombe NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kibali cha kumwaga maji yaliyosafishwa, kwa jina la shule na kwa gharama ya shule. Kikundi kikikubali kuwa na jina lake kwenye kibali hicho, kitabeba faini za maji ya watu wengine kwa miaka yote. Mkataba wa ukurasa mmoja kati yenu na shule useme nani ananyonya tangi, kila baada ya muda gani, na kwa fedha ipi. Usipokuwepo mkataba huo, mimi nisingewapa hata shilingi.

Pa kupeleka

Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa na UNDP tangu 1992, ndiyo iliyotengenezwa kwa vikundi vya kiasi chenu. Kikomo chake kwa muda mrefu kilikuwa dola 50,000, inatoa pia ruzuku ndogo ya maandalizi, na uamuzi hufanywa na kamati ya kitaifa ambayo wengi wake si watu wa serikali. Inapokea maandiko ya lugha za wenyeji, hata ya picha na video. Lakini soma ramani kabla ya fomu: kila awamu nchini Kenya huchagua maeneo yake. Awamu moja ya nyuma kwa pwani ilichagua bahari ya Shimoni hadi Vanga. Tudor ikiwa nje ya ramani, hata andiko zuri kuliko yote litarudi, na si kosa lenu.

Njia ya pili ni kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi yenu, chini ya FLLoCA, mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani. Kule mara nyingi kaunti ndiyo inayofanya manunuzi, hivyo fedha hazipiti mikononi mwa kikundi. Msikasirike kwa hilo. Chujio la shule linaweza kujengwa na kaunti, nanyi mkaomba kwingine fedha ndogo ya mikoko na vipimo, na kila upande ukahesabika kama mchango kwa mwenzake. Kampuni za bandarini na hoteli hutoa misaada midogo. Hizo ziombeni vitu badala ya fedha: kokoto, usafiri, gharama za maabara.

Wasomaji wa Tanzania, mwenye mikoko kwenu ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na barua yake ndiyo inayotangulia. Mfuko wa Misitu Tanzania hupokea maandiko ya vikundi. Zile asilimia 10 za halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, hata kama hauna riba. Msiuchukue kwa kazi isiyoingiza fedha.

Na kaboni, yaani kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko? Kila kikundi kinauliza, kwa sababu ya Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale. Mradi ule ulianza kuuza mwaka 2013 chini ya viwango vya Plan Vivo, shirika linaloidhinisha miradi ya kaboni. Una hekta 117 na takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha zake zimepeleka maji na vifaa vya shule Gazi na Makongeni. Gawanyeni: ni kama tani 25.6 kwa hekta, na nyingi zinatokana na kuulinda msitu uliokuwepo. Hekta 5 zenu kwa kiwango hicho ni tani 128. Kwa dola 10 kwa tani, ni dola 1,280 kwa mwaka kabla ya kumlipa mhakiki, ambaye peke yake anaweza kuzimeza zote. Sheria ya tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inadai angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya kaboni ya ardhini iende kwa jamii, lakini asilimia 40 ya hesabu ndogo ni ndogo. Vanga walikuja baadaye na zaidi ya hekta 400, vijiji vitatu pamoja. Kwa Tudor, kaboni ni jambo la chama kizima cha hori, miaka kadhaa mbele. Likitajwa kwenye andiko lenu liwe sentensi moja.

Bajeti

Milioni 3 mngeigawa hivi: uchunguzi na vipimo vya mwanzo 240,000, tangi na chujio 1,260,000, kufungua mifereji, uzio na mikoko 540,000, ufuatiliaji 420,000, mafunzo, hesabu na mkaguzi 360,000, akiba ya dharura 180,000. Tangi likimeza zaidi, punguzeni ukubwa wa shule. Ufuatiliaji msiuguse. Ndio wa kwanza kukatwa kila bajeti inapobana, na ndio unaoleta ruzuku ya pili.

Mikoko yenyewe: hekta moja kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 ni miche 2,500, na 500 ya kujazia mapengo. Mbegu ya mkoko iko tayari shingo yake ikionyesha pete ya manjano na ikichomoka kwa kuguswa. Inayong'ang'ania mtini bado. Chomekeni theluthi moja ya urefu wake topeni, wima, ncha iliyochongoka chini. Mkandaa na mchu pitisheni kwenye kitalu ukingoni, kinapofikiwa na maji ya bamvua.

Mchango wa kikundi uandikwe kwa hesabu. Watu 30, siku 2 kwa mwezi, miezi 12, ni siku 720. Kwa shilingi 700 kwa siku ni 504,000. Tarakimu hiyo inakubalika tu kama kuna daftari la mahudhurio lenye saini na tarehe kwa kila siku ya kazi. Daftari lililojazwa lote siku moja kwa kalamu moja mkaguzi hulitambua akilifungua.

Kuna hasara isiyoandikwa kwenye fomu yoyote. Ruzuku nyingi hukubaliwa kwa dola na kulipwa kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160; kufika mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Kikundi chenye dola 23,000 kilichopanga bajeti kwa 160 kilitarajia 3,680,000 kikapata 2,990,000. Shilingi 690,000 zimeyeyuka bila mtu kuiba. Pangeni kwa kiwango cha chini asilimia 10 kuliko cha leo, na mwandike mapema kipi kitapunguzwa fedha zikipungua: kwa mfano, kitanda kimoja cha kokoto sasa, cha pili baadaye.

Malipo huja kwa awamu, na ya mwisho huja baada ya ripoti ya mwisho, maana yake kuna kazi mtakayoifanya kabla ya fedha yake. Isiwe kokoto wala mishahara ya fundi. Iwe ukaguzi na mkutano wa kufunga. Miradi hii hufungwa miezi 12 hadi 24, ilhali mkoko unahitaji kuhesabiwa hadi mwezi wa 36. Andikeni waziwazi kwamba mwaka wa tatu unahesabiwa na kikundi kwa kujitolea, nani, na tarehe zipi.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya miche iliyopandwa. Wekeni viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, pembe zikiwa na mabomba ya PVC yaliyozamishwa nusu mita. Hesabuni iliyo hai mwezi wa 3, 12, 24 na 36, mkitenganisha iliyopandwa na iliyojiotea. Picha zipigwe kutoka kigingi kilekile, maji yakiwa yamepwa. Bakteria wapimwe vituo vilevile vinne mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, kwa sababu masika mitaro yote hufurika na matokeo ya chujio lenu hufunikwa na ya mtaa mzima. Hilo nalo mliandike mapema, ili ripoti ya masika isionekane kama mmeshindwa.

Mengine ni ya karani, na ndiyo yanayorudisha maandiko mengi: cheti cha usajili kilichokwisha muda, jina la benki lisilofanana na la cheti kwa herufi moja, watia saini watatu ambao wawili ni ndugu, kumbukumbu za mkutano zisizosema wanachama walikubali kuomba kiasi gani. Fungueni akaunti ya mradi peke yake, isichanganywe na ya mikopo ya wanachama. Kwa kila kitu cha bei kubwa wekeni bei tatu za maandishi kutoka maduka matatu, na kama kokoto ina muuzaji mmoja tu karibu, andikeni sentensi moja kueleza hivyo, mwenyekiti na mweka hazina watie saini.